King'ora cha Kituo cha Saba

Kwa miezi kumi na minne Elias Rutashobya alifanya kazi na Abbasali bila kumwona uso. Alichokijua ni sauti. Alikijua kikohozi chake cha asubuhi, alijua anavyotafuna mbegu za alizeti akiendesha gari, na alijua kwamba akichoka huanza kuimba nyimbo zisizo na maneno. Elias alikaa Toronto, ghorofa ya nne ya jengo moja karibu na uwanja wa ndege, mbele ya skrini sita. Abbasali alikuwa Alberta, karibu kilomita elfu tatu upande wa magharibi, akizunguka na pikapu kutoka kituo hadi kituo kukagua visima.

Vilikuwa visima vya mafuta ya mwamba. Mafuta ya namna hiyo hayakai dimbwini yakingoja kuvutwa. Yamejificha ndani ya jiwe, na jiwe lenyewe hupasuliwa huko chini kwa maji na mchanga unaosukumwa kwa nguvu kubwa. Kila kituo kilikuwa na visima kadhaa, matangi, na vihisi vya gesi. Vihisi vilituma habari Toronto. Jambo likienda kombo, king'ora kililia kwenye skrini za Elias, naye akampigia mtu wa huko.

Walivyojuana ni hivi. Siku moja Elias alikuwa akitafuta ramani ya bomba huku mtu wa upande wa pili anangoja kwenye simu. Akajisemea, "Ngoja kwanza, ngoja kwanza." Sauti ikajibu, "Haya, nangoja."

Elias akaiacha ramani.

"Wewe umejifunza wapi Kiswahili?"

"Nyumbani," sauti ikasema. "Mama wa Bukoba. Mimi wa Malvern, Scarborough."

Elias alizaliwa Muleba, mwendo mfupi tu kutoka Bukoba. Kuanzia siku hiyo hawakuzungumza Kiingereza tena isipokuwa meneja akiwapo. Kiswahili cha Abbasali kilikuwa cha jikoni na sebuleni. Alijua majina ya viungo vyote vya pilau ila hakujua kutu inaitwaje. Alimwita Elias kaka, na kila wiki aliomba neno jipya. Shinikizo. Mvujo. Kizibo. Akishalipata alilirudia mara tatu nne mpaka likamkaa mdomoni. Elias aliyekuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, na asiyekuwa na ndugu hata mmoja Canada, alijikuta akiingoja zamu ya Abbasali kama mtu anavyongoja barua.

Mwezi wa nne mwaka 2025, nchi za OPEC na washirika wake zilitangaza kwamba zitaongeza mafuta sokoni. Bei ya pipa ikateremka kuelekea dola sitini, na baadaye ikashuka chini ya hapo. Meneja wa chumba cha uangalizi, Alykhan, aliwaita wafanyakazi wote sita kwenye chumba cha chai. Alikuwa kijana wa Toronto, wazazi wake watu wa Nairobi, mpole, na siku hiyo macho yake yalikuwa mekundu.

"Kisima cha mwamba ni soda iliyotikiswa," aliwaambia. "Ukifungua inaruka. Mwaka mmoja baadaye zaidi ya nusu imekwisha, na lazima uchimbe kingine ili usimame pale pale ulipokuwa. Kuna nchi zinatoa mafuta karibu kama mtu anavyochota kisimani. Bei ikishuka wao wanapumua. Sisi hatupumui."

Mtu mmoja akauliza kampuni itafanya nini.

"Itapunguza kila kinachopungua."

Kilichopungua kilikuwa watu. Kati ya wale sita walibaki watatu, na Elias akapewa visima mia mbili na arobaini badala ya mia moja na ishirini. Huko Alberta walinzi wa visima, kama Abbasali, waliokuwa wakitembea wawiliwawili wakaanza kutembea peke yao. Mafundi wa vihisi walikuwa watano. Wakabaki wawili kwa eneo lote, na kihisi kikiharibika kilisubiri wiki tatu, mara nyingine nne.

Kihisi cha Kituo cha Saba kiliharibika mwezi wa tisa. Kililia kikipata umande, kililia lori likipita, kililia bila sababu. Utaratibu ulimruhusu Elias kukinyamazisha kwa saa kumi na mbili akiandika kwamba ni kibovu, na maombi ya fundi yalikuwa yamekwisha kutumwa mara nne. Kwa hiyo alikinyamazisha, kesho yake akakinyamazisha tena. Yeye na Abbasali walikuwa na namna yao ya kukisema. Abbasali akiuliza, "King'ora je?" Elias alijibu, "Ni kile kile." Maana yake ilikuwa, achana nacho, hakina neno. Walilisema hilo siku nyingi mno, hata likawa kama salamu.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi na moja, saa tano asubuhi kwa Toronto, saa tatu kwa Alberta, king'ora cha Kituo cha Saba kililia. Wakati huohuo pampu mbili za kituo kingine zilikuwa zimezima na Elias alikuwa na watu wawili kwenye simu. Alinyoosha mkono akakinyamazisha. Kando ya kitufe kulikuwa na namba ndogo inayoonyesha kipimo cha gesi. Siku zote kihisi hicho kilipolia, namba hiyo ilirukaruka na kurudi sifuri. Asubuhi hiyo ilikuwa inapanda, taratibu, bila kurudi nyuma. Elias hakuitazama.

Dakika tisa baadaye Abbasali alipiga.

"Kaka Elias, nafika Saba sasa. King'ora je?"

"Kimelia. Ni kile kile."

"Haya, sawa. Naingia."

Mlinzi anayetembea peke yake alitakiwa kupiga simu kila baada ya dakika ishirini. Dakika ishirini zikapita, Elias akajiambia kwamba baridi ya kule hufanya mikono kuwa mizito. Zikapita ishirini na tano, akapiga mwenyewe. Simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Hapo ndipo alipoitazama namba. Ilikuwa imepanda juu, na bado ilikuwa inapanda.

Mtu wa karibu zaidi alikuwa mwendo wa dakika arobaini. Elias alibaki kwenye simu na mtu huyo njia nzima, akimwelekeza avae kinyago kabla hajafungua mlango wa gari. Alimsikia akishuka. Alisikia nyayo kwenye theluji, kisha pumzi nzito ndani ya kinyago, kisha yule mtu akasema kwa Kiingereza kwamba amemwona, yuko karibu na tangi, amelala kifudifudi. Mpira unaoziba tangi ulikuwa umepasuka. Gesi iliyotoka ni ile inayonuka kama yai viza ikiwa kidogo. Ikizidi, pua haiisikii tena, na pumzi mbili tatu zinatosha. Kipimo alichovaa Abbasali kifuani kilikuwa bado kinalia.

*

Mwili uliletwa Toronto kwa ndege siku ya tano. Elias alikwenda msibani na mkewe Anastasia, ambaye alifanya kazi ya kutunza wazee na aliyajua mambo ya misiba kuliko yeye. Hawakuwa Waislamu kama familia ya marehemu. Walivua viatu, wakaonyeshwa, Anastasia upande wa wanawake, Elias upande wa wanaume, na akakaa nyuma kabisa. Ulipofika wakati wa kumuaga, alipanga mstari pamoja na wengine. Ndivyo alivyouona uso wa Abbasali kwa mara ya kwanza. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Alikuwa na kovu dogo kwenye nyusi ambalo hakuwahi kumtajia.

Baada ya maziko, mama wa marehemu alimtafuta. Mama Batool alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini na kidogo, aliyefiwa na mume miaka minane nyuma, na alitembea akiwa ameshikwa mkono na binti yake Hawra.

"Wewe ndiye Elias wa Muleba?"

"Ndiyo, Mama. Shikamoo. Poleni sana."

"Marahaba. Alikuwa akinieleza habari zako kila Ijumaa. Nikamwambia, miaka thelathini nakufundisha hutaki, leo mtu wa kwenye simu amekufanya useme kizibo." Akamkaribia zaidi. "Nani aliongea naye mwisho?"

"Ni mimi, Mama."

"Alisema nini?"

Elias akafungua mdomo. "Alisema, haya, sawa."

Mama Batool akatikisa kichwa taratibu, kana kwamba anayaweka maneno hayo mahali pa salama. "Haya, sawa," akarudia. Hawra akamvuta kwa upole wakaondoka, na Elias akabaki amesimama kwenye theluji mpaka Anastasia alipokuja kumchukua.

*

Wiki iliyofuata aliitwa ofisi za juu, katikati ya jiji. Alykhan alikuwapo, amekaa pembeni. Aliyezungumza ni wakili wa kampuni, mtu mtaratibu mwenye sauti ya chini. Wakaguzi wa usalama kazini wa Alberta walikuwa wameomba simu zote zilizorekodiwa siku ile. Simu ya mwisho ilikuwa katika lugha ambayo ofisini hapakuwa na mtu wa kuielewa.

"Tunaomba uandike kwa Kiingereza yaliyosemwa," wakili alisema. "Neno kwa neno. Wakaguzi nao watatafuta mfasiri wao, basi tafsiri ziwe sawa."

Walimwekea. Elias aliisikia sauti ya Abbasali, ikifuatiwa na yake mwenyewe, ikitoka kwenye mashine ndogo juu ya meza ya kioo. *Kimelia. Ni kile kile. Haya, sawa. Naingia.* Kuanza mpaka kwisha haikufika nusu dakika. Akatafsiri kwa mdomo, neno kwa neno kama alivyoombwa.

Wakili akaandika. Kisha akasema, bila haraka, "Kwa hiyo ulimweleza kwamba king'ora kimelia. Ukamweleza ni kipi. Naye akasema anaingia."

"Ndivyo maneno yalivyo."

"Inasaidia," wakili akasema. "Inakusaidia wewe pia."

Elias akamwangalia Alykhan. Alykhan alikuwa akitazama mikono yake.

Ndani ya treni ya kurudi, Elias aliyapanga kichwani. Hakuna neno alilolibadilisha. Mfasiri yeyote mwaminifu angeandika yale yale. Na mtu yeyote atakayeyasoma kwa Kiingereza atamwona Abbasali, kijana aliyeambiwa kuna hatari, akasema sawa, akaingia kwa kiburi au kwa uzembe wake. Makosa yangezikwa pamoja naye. Duniani kulikuwa na watu wawili tu waliojua maana ya *ni kile kile*, na mmoja alikuwa kaburini.

Siku tatu hakula vizuri. Siku ya nne Anastasia alizima jiko, akaketi mbele yake.

"Kuna kitu umekibeba."

Akamweleza yote, hata ile namba. Anastasia alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza. Alikuwa mtu asiyependa kutoa ushauri. Alichouliza ni kimoja tu.

"Mama yake anajua?"

"Hajui."

"Atakuja kuyajua kwa Kiingereza cha wakili," Anastasia akasema, akainuka kwenda kuwasha jiko.

*

Kutoka Mount Dennis, nyumbani kwa Elias, hadi Malvern ni safari ya kuvuka jiji zima, treni na mabasi mawili. Elias alifika saa nane mchana, Jumamosi, theluji imegeuka tope. Hawra alimfungulia, akamsalimu kwa Kiingereza, akamwonyesha kiti. Mama Batool alikuwa akichambua mchele kwenye sinia. Hakuacha kuchambua.

"Mama, siku ile uliniuliza alisema nini," Elias akaanza. "Nilikueleza alichosema yeye. Sikukueleza nilichosema mimi."

"Haya, niambie."

Alimwambia. Alimweleza kuhusu kihisi kibovu na miezi yote ya kukinyamazisha. Alimweleza kuhusu namba iliyokuwa inapanda asiitazame. Kisha alimweleza jinsi kampuni inavyotaka maneno yale yaandikwe.

Mama Batool alisukuma sinia kando. "Yaseme," akasema. "Yaseme kama ulivyoyasema siku ile. Usinieleze maana."

"Mama—"

"Nataka kusikia ulivyomwambia mwanangu."

Elias akafumba macho. Ilimchukua muda kuipata ile sauti nyepesi, sauti ya mtu mwenye shughuli anayemjibu ndugu yake. "Kimelia. Ni kile kile."

Hawra, aliyekuwa amesimama mlangoni, aliweka mkono mdomoni, alikuwa ameelewa. Mama Batool aliivuta sinia karibu tena.

"Ulimwambia apite," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Naye alikuamini."

"Ndiyo."

Hapo akalia, bila sauti, machozi yakimdondokea mapajani, na hakuyafuta. Elias hakuthubutu kusogea. Alipomaliza alivuta pumzi, akanyoosha ushungi wake.

"Sitakwambia nimekusamehe. Leo siwezi, na sipendi kusema uongo wa adabu. Lakini mwanangu hakuwa mzembe. Tangu akiwa shule alikuwa akikagua jiko mara mbili kabla ya kulala. Nenda ukawaambie hivyo. Waambie maneno, na uwaambie maana yake."

"Nitakwenda."

"Watakufukuza?"

"Watanifukuza."

Akatikisa kichwa. "Basi kula kwanza," akasema, na akamwagiza Hawra alete chakula. Elias alikula wali na dengu peke yake, akitazamwa, na alimaliza sahani kwa sababu ilikuwa imetolewa.

*

Aliandika maelezo yake Jumapili baada ya kanisa, kurasa nne, akayatuma moja kwa moja kwa wakaguzi, nakala kwa kampuni. Akataja tarehe za maombi manne ya fundi. Akaeleza neno lao, lilianza lini na lilimaanisha nini, na akaandika kwamba kipimo kilikuwa mbele ya macho yake na hakukitazama. Barua ya kumwachisha kazi ilifika siku ya tatu. Jioni yake Alykhan alimpigia simu kutoka kwenye gari lake.

"Nilikuwa na yale maombi manne," Alykhan akasema. "Niliyapeleka juu, yakarudi. Nimewatumia wakaguzi majibu niliyopewa." Akapunguza sauti. "Mke wangu ana mimba ya miezi saba. Sijamwambia bado kwamba huenda nami nikafukuzwa."

"Mwambie leo," Elias akasema.

Wakaguzi walisikiliza mashahidi mwezi wa pili, kwa video, katika chumba cha mikutano kilichokodiwa mjini. Familia iliruhusiwa kuhudhuria. Rekodi ilipowekwa, Mama Batool aliisikia sauti ya mwanawe kwa mara ya kwanza tangu afe. Mfasiri wa wakaguzi alisoma tafsiri yake, na ilikuwa sahihi, neno kwa neno. Mkaguzi mkuu akamwomba Elias aeleze. Wakili wa kampuni akauliza kama kuna mtu mwingine yeyote anayeweza kuthibitisha kwamba maneno hayo yalikuwa na maana zaidi ya ile iliyosomwa.

Mama Batool aliinua mkono. Hakuwa kwenye orodha ya mashahidi. Mkaguzi alisita, kisha akamruhusu, na Hawra akatafsiri.

"Mimi nimezungumza Kiswahili maisha yangu yote," alisema. "Mtu akitahadharishwa hasemi *haya, sawa* kwa sauti ile. Iwekeni tena. Hata asiyejua lugha atasikia kwamba hakuna anayeogopa."

Wakaiweka tena. Mkaguzi mkuu akaandika.

Ripoti ilitoka mwezi wa tano. Ilisema kampuni ilikuwa imefanya kunyamazisha ving'ora kuwa desturi, kwamba ilimpeleka mtu peke yake mahali pasipostahili, na kwamba ilipunguza mafundi ikijua vihisi havifanyi kazi. Ilisema pia kwamba msimamizi wa zamu hakutazama kipimo, na jina la Elias liliandikwa hapo kwa ukamilifu. Kuhusu Abbasali iliandika sentensi moja: alifuata utaratibu. Kampuni ilitozwa faini. Kabla mwezi haujaisha, vituo vyake vyote viliuzwa kwa kampuni kubwa zaidi, na Kituo cha Saba, ambacho visima vyake vilikuwa vimeanza kukauka, kilifungwa na kumwagiwa saruji.

Elias alikaa miezi mitano bila kazi. Sasa anatunza mitambo ya joto kwenye jengo moja la hospitali, chini kabisa, kazi ya mshahara mdogo. Anastasia anasema bado hulala vibaya.

Jumapili moja ya mwezi wa sita Hawra alimpigia. Alizungumza Kiswahili, polepole, akichagua kila neno.

"Mama anauliza. Unaweza kuja... kaburini? Leo?"

Alikwenda na Anastasia. Jiwe lilikuwa limewekwa wiki hiyo, na udongo ulikuwa bado haujashikana na nyasi. Mama Batool alikuwa ameketi kwenye kiti cha kukunja, kitabu cha dua mkononi. Aliitikia salamu zao, akasoma, nao wakasimama nyuma yake wameinamisha vichwa. Alipomaliza alifunga kitabu.

"Alikuwa akikufundisha na yeye chochote?" akamuuliza Elias. "Au ni wewe tu uliyekuwa mwalimu?"

Elias akafikiri. "Alinifundisha barabara za huko, Mama. Majina ya mito. Alinieleza theluji ilivyo kabla ya mvua na baada ya mvua."

"Nieleze," Mama Batool akasema. "Mimi sijawahi kufika huko."

Anastasia akatandika kanga kwenye nyasi, Hawra akakaa, na Elias akapiga magoti kando ya kiti na kuanza kumweleza, mto mmoja baada ya mwingine.